Poka ya Mtandaoni: Mchezaji wa Ridhaa Anakuaje?

  Leo nimeleta habari za mchezo wa karata. Najua wengine mmetega sikio na wengine mmekunja uso. Nawaomba wote mnivumilie mpaka mwisho.

Mchezo wenyewe ni poka, na hasa poka inayochezwa kwenye intaneti, kwa simu au kwa kompyuta, kati ya watu wasioonana. Swali langu la leo ni moja. Mtu wa kawaida, mwenye kazi yake na familia yake, yule tunayemwita mchezaji wa ridhaa, akianza kucheza leo, anakuaje? Anapandaje kutoka ujinga wa mwanzo mpaka kuwa mchezaji wa maana? Na kwa nini wengi hawapandi kabisa, wanabaki palepale mwaka baada ya mwaka huku hela ikiondoka?

Kabla sijaendelea, niseme mambo mawili. Msikilizaji ambaye dini yake imemkataza kamari, kwake neno limekwisha, na mimi simshawishi. Na kijana aliye chini ya miaka 18, sheria imekuzuia, basi subiri. Tunaobaki, tuzungumze. Hata kama hutacheza maisha yako yote, naamini utapata kitu, kwa sababu poka ni mchezo wa kuamua huku hujui yote, na kila mmoja wetu anaamua hivyo kila siku.

Nianze na asiyeujua mchezo. Poka ziko za aina nyingi, lakini inayochezwa zaidi inaitwa Texas Hold'em. Karata ni zilezile 52 tulizozoea, zenye kopa, uru, shupaza na pau. Kila mchezaji anapewa mbili za siri. Halafu katikati ya meza zinafunuliwa tano za wote: kwanza tatu kwa pamoja, kisha moja, kisha moja ya mwisho. Kila hatua watu wanaweka madau. Unaweza kulipa dau la mwenzako, unaweza kuliongeza, unaweza kutupa karata zako ukakaa pembeni. Wakibaki wawili au zaidi mpaka mwisho, wanafunua, na mwenye mkono bora, yaani mchanganyiko bora wa karata, anachukua fungu lote la katikati. Lakini, na hapa sikilizeni vizuri, wenzako wote wakitupa karata, unachukua fungu bila kufunua chochote. Hata kama ulikuwa na takataka.

Sasa, je, poka inatofautianaje na mkeka wa kubashiri mpira, au na ule mchezo wa kamari wa kandege kanakopaa kwenye simu za vijana wetu? Tofauti ni kubwa. Kwenye mkeka na kwenye kandege, unashindana na kampuni, na kampuni ndiyo inayopanga bei. Kwenye poka unashindana na watu kama wewe. Mwenye meza, yaani kampuni ya mtandao, hashindani na wewe. Yeye anakata kamisheni. Kwenye meza nyingi za fedha anachukua karibu asilimia 5 ya fungu, mpaka kiwango fulani. Kwenye mashindano anaikata kwenye kiingilio.

Kutokana na hilo tunapata mambo mawili. La kwanza, inawezekana kweli kabisa kuwashinda wenzako kwa akili, kwa sababu wanakosea na wewe unaweza kukosea kidogo kuliko wao. La pili, kuwa bora kidogo hakutoshi. Narudia: kuwa bora kidogo hakutoshi. Watu sita wenye uwezo sawa wakikaa wakacheza mwezi mzima, kwa wastani watatoka na hasara, na aliyefaidi ni mwenye meza. Ili ubaki na kitu, uwazidi wenzako kiasi cha kuilipa ile kamisheni na zaidi. Ndiyo maana wengi wanapoteza. Mwenye kukuambia vinginevyo anakuuzia kitu.

Basi tumtazame mtu mmoja aliyeanza kabisa kutoka chini. Anaitwa Annette Obrestad, binti wa Norway, aliyezaliwa mwaka 1988. Alianza kucheza poka ya mtandaoni akiwa na miaka 15. Umri huo leo sheria haiuruhusu, na mimi siuungi mkono. Nataka mtazame alichojifunza. Hakuweka fedha yake. Aliingia kwenye mashindano ya bure, yale ambayo kampuni hutoa zawadi ndogondogo kuvuta wateja. Akapata dola chache. Hizo chache akazichezea kwenye meza ndogo kabisa. Zikaongezeka, akapanda meza kidogo. Hivyo hivyo, kidogo kidogo. Mwezi Septemba 2007 akaenda London kwenye mashindano makubwa ya Ulaya, yale ya World Series of Poker, kiingilio pauni 10,000, akawashinda wachezaji wote na kuchukua pauni milioni moja. Siku iliyofuata alitimiza miaka 19.

Lakini kilichonivutia mimi kwake ni jambo jingine la mwaka huohuo. Obrestad aliingia kwenye shindano dogo la mtandaoni, watu 180, kiingilio dola 4, akaamua kucheza bila kutazama karata zake. Alizifunika kwenye kioo. Alizitazama mara moja tu katika shindano zima. Na akashinda. Akawapita watu 179.

Jiulize, msikilizaji: kama hakuziona karata, alikuwa anatazama nini?

Alikuwa anatazama watu. Nani anaweka dau dogo kwa woga. Nani analipa kila kitu, hata kisicholipika. Nani amekaa muda mrefu bila kucheza halafu ghafla anaongeza dau, maana huyo karata anazo, usimguse. Nani anajibu haraka, nani anachelewa. Alitazama amekaa wapi kwenye meza na nani anaamua baada yake. Sisemi uige, na ufunike karata zako. Zile zilikuwa meza za wanaoanza, na yeye alikuwa na uwezo mkubwa. Ninachosema ni kwamba mchezaji wa ridhaa hutumia akili yake yote kutazama karata zake mbili, wakati sehemu kubwa ya habari iko nje ya karata hizo. Hapo ndipo ukuaji unapoanzia.

Sasa tuingie kwenye mbinu zenyewe. Nitaanza na iliyo ngumu kuliko zote, ingawa ukiisikia utaona ni rahisi. Ni kutupa karata.

Anayeanza hucheza kila kitu. Amefungua simu ili acheze, kwa hiyo anacheza! Anapewa tisa na nne, anasema huenda zikaja tisa mbili katikati. Huenda, ndiyo. Lakini mara ngapi? Kupewa jozi ya ree, mkono bora kuliko yote ya kuanzia, hutokea kwa wastani mara moja katika mara 221. Mikono mizuri ni michache, na mchezaji makini kwenye meza ya watu tisa hutupa karata zaidi ya mara saba katika kumi, tena bila kinyongo. Mchezaji wa ridhaa akifanikiwa kukaa nusu saa akitupa, akitupa, akitupa, huku akiwatazama wenzake, huyo ameshapanda darasa. Na akijifunza kutupa hata mkono mzuri pale anapoona mwenzake ana mzuri zaidi, huyo amepanda madarasa mawili.

Mbinu ya pili ni nafasi uliyokaa. Hebu fikirini mnada wa samaki pale soko la Feri, Dar es Salaam. Anayetaja bei wa kwanza anataja gizani. Anayesema wa mwisho ameshasikia bei za wote, ameshaona nani anamtaka yule samaki kweli na nani anajaribu tu. Kwenye poka ni hivyo hivyo. Kuna alama inayozunguka meza kila mgawo, na aliye nayo ndiye anayeamua wa mwisho baada ya karata za katikati kuanza kufunuliwa. Karata zilezile mbili, ukiwa wa mwisho zinaweza kukupa faida, ukiwa wa kwanza zinakupa hasara. Kwa hiyo mchezaji anayekua hucheza mikono mingi zaidi akiwa nyuma, na mikono michache sana akiwa mbele. Wanaoanza wengi hawajui kabisa wamekaa wapi. Ukiwauliza, hawana jibu.

Mbinu ya tatu ni hesabu, na hapa nitakaa kidogo. Msiogope, ni hesabu ya sokoni.

Tuseme umeshika karata mbili za shupaza. Katikati zimefunuliwa tatu, na mbili kati yake ni shupaza pia. Una shupaza nne. Ukipata ya tano umekamilisha mkono mkubwa. Zimebaki shupaza ngapi? Zote ni 13, wewe unaziona nne, zimebaki tisa. Karata usizoziona ni 47. Kwa hiyo nafasi ya shupaza kuja kwenye karata inayofuata ni tisa kwa 47, yaani karibu mara moja katika tano. Shika hilo: mara moja katika tano.

Katikati kuna shilingi 3,000. Mwenzako anaweka dau la 1,000. Sasa kuna 4,000, na wewe unatakiwa kulipa 1,000. Ulipe au utupe? Hesabu yake ni hii. Fikiria jambo hilohilo limetokea mara tano. Mara nne utakosa, utapoteza 1,000 kila mara, jumla 4,000. Mara moja utapata, utachukua zile 4,000. Mizani imekaa karibu sawa, na kwa kuwa ukiipata shupaza huenda mwenzako akakulipa zaidi, unaweza kulipa. Vizuri. Sasa badilisha kitu kimoja tu. Mwenzako anaweka dau la 3,000. Katikati kuna 6,000, nawe unatakiwa kulipa 3,000. Karata zako hazijabadilika. Shupaza zilizobaki ni zilezile tisa. Lakini mara nne ukikosa unapoteza 12,000, na mara moja ukipata unachukua 6,000. Tupa. Tupa bila kujiuliza mara mbili, isipokuwa una sababu nzito ya kuamini kwamba ukiipata atakulipa fedha nyingi.

Mmeona? Swali halikuwa kama karata ni nzuri. Swali lilikuwa ni nzuri kwa bei gani. Kuna kosa moja hapa ambalo wanaoanza hulifanya sana. Wanasema, bado karata mbili zinakuja, kwa hiyo nafasi yangu ni zaidi ya mara moja katika tatu. Hesabu hiyo ni sahihi kama hutalipa tena. Lakini karata ya kwanza ikija si shupaza, mwenzako ataweka dau jingine, tena kubwa zaidi, na utaambiwa ulipe upya. Umehesabu karata mbili kwa bei ya moja.

Haya, tupumue kidogo. Mpaka hapa tumesema: tupa karata nyingi, jua umekaa wapi, pima bei. Wengine mtauliza, na mkwara je? Kumtisha mwenzako kwa dau kubwa huku huna kitu?

Mkwara upo, na mmoja ulio maarufu sana ni wa Chris Moneymaker, na hilo ndilo jina lake la kweli. Alikuwa mhasibu kutoka Tennessee, Marekani, mchezaji wa ridhaa kama mimi na wewe. Mwaka 2003 alicheza shindano la mtandaoni la kiingilio cha dola 86, likampeleka kwenye mashindano makuu ya dunia Las Vegas, ambako kiingilio cha kawaida kilikuwa dola 10,000. Waliingia watu 839. Wakabaki wawili: yeye na Sammy Farha, mchezaji wa kulipwa mwenye uzoefu mkubwa. Kwenye mgawo mmoja, Moneymaker alikuwa ameshika mfalme na saba. Alikuwa akisubiri karata zikamilike, hazikukamilika. Hana hata jozi. Farha ana jozi ya tisa, yaani anaongoza. Moneymaker akasukuma dau lake lote katikati. Farha akafikiri sana. Kisha akatupa karata. Baadaye kidogo Moneymaker akashinda mashindano na dola milioni 2.5.

Habari hiyo ilibadilisha mchezo. Mwaka uliofuata kwenye mashindano hayo waliingia watu 2,576. Mwaka 2006 walifika 8,773. Kila mhasibu, kila mwalimu, kila dereva alisema: kwa nini nisiwe mimi? Na hapa ndipo moyo wangu unapouma, kwa sababu watu walichukua nusu ya somo. Walichukua ujasiri wa mkwara, wakaacha ulivyojengwa. Mkwara ule ulikuwa na hadithi inayoaminika: madau ya Moneymaker yalifanana na ya mtu aliyekamilisha mkono mkubwa, na aliyekuwa mbele yake alikuwa mchezaji anayejua kutupa. Ukimpigia mkwara mtu ambaye hatupi karata kamwe, umempa hela yako mkononi. Na kwenye meza ndogo za mtandaoni, hao wasiotupa ndio wengi. Kwa hiyo ushauri wangu kwa anayeanza: punguza mikwara. Ngoja mkono mzuri, weka dau kubwa, watakulipa wenyewe.

Sasa tuje kwenye bahati, maana bahati ndiyo inayowachanganya watu wote. Tuseme umepata jozi ya ree, mwenzako ana jozi ya wafalme, mmeweka kila kitu katikati. Wewe ndiye unayeongoza kwa mbali. Lakini utashinda karibu mara nne katika tano. Mara ya tano utaliwa, na hujakosea kitu. Na yule mwenye wafalme atacheka. Je, ulikosea? Hapana. Ungefanya nini kingine? Hakuna. Basi kwa nini usilale?

Yuko mwandishi wa Marekani mwenye shahada ya udaktari ya saikolojia, Maria Konnikova, mzaliwa wa Moscow. Alipoanza kujifunza poka hakujua hata karata ni ngapi. Akamwomba Erik Seidel, mmoja wa wachezaji wakubwa kabisa, awe mwalimu wake. Konnikova alikuwa akiishi New York, ambako sheria haikuruhusu poka ya fedha ya mtandaoni, kwa hiyo alikuwa akivuka mto kwenda New Jersey, inakoruhusiwa, anakaa kwenye mkahawa na kompyuta yake, anacheza, anarudi nyumbani. Nalipenda sana jambo hilo. Hakutafuta njia ya uchochoro, alivuka mto.

Na Seidel alimfundisha kitu kimoja ambacho ningependa kila mchezaji wa ridhaa akisikie. Konnikova alipotaka kumsimulia jinsi alivyoliwa kwa bahati mbaya, Seidel hakutaka kusikia. Alitaka kusikia uamuzi: ulikaa wapi, dau lilikuwa kiasi gani, ulimfikiriaje mwenzako, kwa nini ulifanya ulivyofanya. Mwisho wa mgawo, nani alichukua, hilo halikumhusu. Mwezi Januari 2018 Konnikova alishinda shindano moja kubwa Bahamas na kuchukua dola 84,600, na mwaka 2020 akatoa kitabu chake kuhusu safari hiyo, The Biggest Bluff.

Kwa hiyo ukitaka kujua kama unakua, usitazame salio la leo. Salio la leo linasema zaidi habari za bahati. Chukua daftari. Daftari la kawaida tu, lile la shule. Kila ukimaliza kucheza, chagua migawo mitatu au minne iliyokutatiza, uiandike. Ukurasa unaweza kusomeka hivi: “Nilikuwa wa pili kuamua. Nimeshika ree na kumi. Aliyeongeza dau alikuwa hajacheza tangu nianze kumtazama. Nililipa. Sababu: nilichoka kutupa.” Basi. Usiandike ulishinda au uliliwa. Baada ya wiki tatu rudi usome. Utaona neno linajirudia, “nilichoka kutupa”, “nilichoka kutupa”, na hapo ugonjwa wako utakuwa umejitaja wenyewe. Fedha ijumlishe mwisho wa mwezi, na usikate shauri mpaka umecheza maelfu ya migawo. Mia moja haitoshi. Mia tano haitoshi.

Na hapa mtandao una hatari yake. Kwenye meza ya kweli, yenye mtu anayegawa kwa mikono, migawo ni kama 30 kwa saa. Kwenye mtandao ni zaidi ya mara mbili ya hapo, na mtu anaweza kufungua meza kadhaa kwa pamoja. Unajifunza haraka, ndiyo. Lakini ukipandwa na hasira, unapoteza haraka vilevile. Umeliwa mgawo mmoja uliostahili kushinda, damu inachemka, unaanza kufukuzia hela iliyoondoka, na kabla kahawa haijapoa umemaliza akiba ya miezi. Hakuna mbinu inayomsaidia mtu aliye katika hali hiyo. Hakuna. Dawa yake inawekwa kabla ya kuanza: andika kiasi ambacho kikiondoka unafunga simu, na kikiondoka, funga. Kama umeshindwa kufunga mara mbili, tatu, kama unakopa, kama unamficha mkeo au mumeo, basi tatizo si poka tena. Mwambie mtu unayemwamini leo hii, leo, usingoje mwisho wa mwezi.

Twende kwenye mtaji. Mwaka 2006 Chris Ferguson, bingwa wa dunia wa mwaka 2000, alijipa kazi ya kuanza bila hata senti na kufikisha dola 10,000 kwenye mtandao. Ilimchukua karibu mwaka mmoja na nusu, na sehemu ngumu ilikuwa mwanzo, kuzipata zile dola chache za kwanza kwenye mashindano ya bure. Bingwa wa dunia, msikilizaji! Kanuni zake zilikuwa wazi. Hakuingia kwenye meza ya fedha na zaidi ya asilimia 5 ya mtaji wake. Kwenye mashindano ya watu wengi hakulipa kiingilio cha zaidi ya asilimia 2. Mtaji ukipungua, alishuka meza ndogo, bila aibu. Kushuka ndiko kunakowashinda watu. Kupanda kila mtu anajua. Mchezaji wa ridhaa aliyeweka shilingi 50,000 na kukaa meza ya shilingi 25,000 hata angekuwa hodari, migawo michache mibaya inamtoa.

Msije mkadhani kwamba kanuni nzuri za mchezaji zinailinda fedha iliyo mikononi mwa kampuni. Ferguson alichezea mtandao wa Full Tilt Poker, ambao yeye mwenyewe alikuwa miongoni mwa wakurugenzi wake. Tarehe 15 Aprili 2011, serikali ya Marekani ilifunga tovuti za kampuni kubwa za poka zilizokuwa zikiwahudumia Wamarekani, Full Tilt ikiwamo. Ndipo ikajulikana kwamba Full Tilt haikuwa na fedha za kuwalipa wachezaji wake. Kampuni shindani, PokerStars, iliichukua mwaka 2012 na kubeba deni, lakini wachezaji wa Marekani walianza kulipwa mwaka 2014 tu. Karibu miaka mitatu. Waliokuwa wamecheza vizuri, waliotupa karata kwa subira, waliopanda meza kwa taratibu, wote walikaa wakisubiri.

Na kuna jambo moja ambalo miaka hiyo halikuwapo. Mwezi Januari 2017, mjini Pittsburgh, programu ya kompyuta iitwayo Libratus ilicheza migawo 120,000 kwa siku 20 dhidi ya wachezaji wanne wa kulipwa, mmoja mmoja, na ikawashinda. Mwaka 2019 programu nyingine, Pluribus, ikawashinda wachezaji hodari kwenye meza ya watu sita. Leo kuna programu za kujifunzia zinazotumia hesabu za namna hiyo, na unaweza kuzitumia nyumbani, baada ya mchezo, kupima maamuzi yako. Kuzitumia wakati unacheza ni wizi, na kampuni hufunga akaunti za wanaofanya hivyo zikiwabaini. Wasiobainika wapo. Kwa hiyo kadiri unavyopanda meza, ndivyo unavyoweza kukutana na mtu ambaye si mtu.

Sasa, kwa aliyenisikiliza mpaka hapa na bado anataka kujaribu. Cheza kwanza meza zisizo za fedha mpaka ujue mikono yote bila kufikiri, halafu mashindano ya bure, na baada ya hapo meza ndogo kuliko zote. Kabla hujaweka shilingi, hakikisha kampuni ina leseni. Kwa hapa Tanzania wanaotoa leseni ni Bodi ya Michezo ya Kubahatisha, na wewe uliyeko Nairobi au Toronto, ulizia mamlaka ya huko uliko, maana sheria hazifanani. Weka kiasi kidogo. Kabla hujacheza sana, jaribu kutoa sehemu ya kiasi hicho, uone inakuja au haiji, na inachukua siku ngapi. Ikija, endelea. Ikianza kusumbua, ondoa kilichobaki na usirudi hapo.

Muda wangu umekwisha. Barua zenu nazisubiri, hasa za wale wanaoandika daftari.